Shimo la Mifupa Njia ya Mudende

Sogea hapa, mwanangu, ukae upande huu ambako sauti yangu inafika bila kuilazimisha. Umesema unataka kwenda na wale vijana wanaotafuta visukuku, yale mabaki ya wanyama na majani ya kale yaliyogeuka mawe, na mama yako amekutuma kwangu akitumaini nitakukataza. Sitakukataza. Nitakusimulia jambo moja, na ukiondoka hapa utajua mwenyewe uende vipi.

Nakumbuka siku moja ya miaka ile ya mwisho ya tisini, asubuhi ya ukungu, nilipomwona mwanamume mwenye nguvu zake akicheka, na kabla kicheko hakijaisha akaanguka kifudifudi kama nguo iliyoteleza kutoka kwenye kamba. Hakupigwa. Hakuumwa na nyoka. Hakuna kitu kilichomgusa ambacho macho yangu yangeweza kukiona. Mpaka leo nikilisimulia jambo hili viganja vyangu huwa baridi. Nishike, utaona.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Gisenyi. Nilikaa mtaa wa Nengo, nyumba moja na mdogo wangu Domina na mume wake Eriya. Mimi na Domina tulizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, tukarudi hapa nchini kwa wazazi wetu baada ya vita. Eriya alirudi kutoka Uganda. Alikuwa seremala, mtu wa masihara, hawezi kupita mlangoni bila kumtania mtu. Domina alikuwa mjamzito, mimba yake ya kwanza, karibu kujifungua. Liweke hilo moyoni unaponisikiliza, maana mimi nililiweka moyoni siku nzima ile: mtoto alikuwa njiani, na baba yake ndiye aliyekuwa chini ya shimo.

Ilikuwa miaka ya hofu. Vita vilikuwa vimekwisha kwa jina, lakini usiku tulisikia milio ya bunduki kutoka milimani, na asubuhi watu waliangaliana kabla ya kusalimiana, kuhesabu kimoyomoyo nani yupo. Njia ya Mudende, ile inayopanda kutoka mjini, ilifungwa leo, ikafunguliwa kesho. Na kulikuwa na hofu nyingine ambayo watu hawakuisema kwa sauti. Wengi walikuwa na ndugu ambao hawakuonekana tena na hawakuzikwa. Kila aliyechimba msingi wa nyumba alichimba akiogopa jembe lake litagota nini.

Katika wakati kama huo, utashangaa, kulikuwa na watu waliokutana kila mwezi kuzungumza habari za mawe. Kilikuwa chama kidogo cha jiolojia cha kanda hii ya ziwa, wengine wa hapa, wengine wa Goma waliovuka mpaka asubuhi na kurudi kabla jioni haijaingia. Mjini walituita watu wa mawe, na hawakutuita hivyo kwa kutusifu. Tulikutana katika darasa langu. Tulipanga mawe kwenye maboksi ya maziwa ya unga, tukaandika kila moja lilikotoka. Tuliwapeleka watoto wa shule kwenye matuta yaliyo juu ya ziwa, tukawaonyesha magamba ya konokono wa majini yaliyoshikana na mchanga mgumu mbali na maji, ili waelewe kwamba zamani ziwa lilifika pale. Tuliwaomba wenye matofali na wachoma chokaa watuite wakikuta alama ya jani au samaki kabla hawajaiponda. Kazi yetu ilikuwa hiyo tu: kuona, kuchora, na kulinda kisipotee.

Eriya aliingia chamani kwa mlango wa useremala. Tulimwita atutengenezee rafu, akapigilia misumari siku moja, siku ya pili akaanza kuuliza maswali, na baada ya hapo hakukosa mkutano.

Kiongozi wetu alikuwa Mama Konsolata. Alikuwa amefundisha jiografia miaka mingi pande zote mbili za mpaka, mjane, mwembamba, anavaa mabuti ya marehemu mumewe na kuyajaza magazeti mbele ili yamkae. Kiswahili chake kilikuwa cha Goma, kisicho na haraka. Mkali hakuwa, lakini alikuwa na kanuni chache ambazo hakuruhusu mtu azicheze.

Ya kwanza ilihusu mifupa. Mahali pengine duniani, mtaalamu akiona mfupa ardhini huchukua brashi. Kwetu, miaka ile, hapana. Hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kugusa mfupa wowote mpaka majirani wa mahali pale waitwe, wauone kwa macho yao, na waseme wenyewe kwamba si wa mtu wao. Hata kama mfupa una pembe. Hata kama umekuwa jiwe. Mama Konsolata alikuwa akituambia, "Mufupa kwanza iko ya watu ya hapa. Ya sayansi itakuja nyuma."

Ya pili ilihusu mazuku. Wewe umezaliwa hapa, jina unalijua, lakini ngoja nikueleze vizuri, kwa sababu wengi wanalijua jina tu. Chini ya milima yetu ya volkano kuna hewa inayotoka kwenye nyufa za miamba. Haina rangi. Haina harufu. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo haipandi juu kama moshi. Hukaa chini, hujaza shimo au bonde dogo kama maji yanavyojaza beseni, ila maji unayaona. Asubuhi ya baridi isiyo na upepo hujaa zaidi. Mbuzi akiingia, haanzi kulia wala kukimbia. Hukunja magoti tu. Wazee wengine walisema ni pepo mbaya, na mimi, niliyetoka Karagwe ambako ardhi ni ardhi tu, niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Sikucheka mara ya pili.

Kwa ajili ya mazuku tulikuwa na namna yetu ya kufanya kazi. Mtu hashuki shimoni bila kamba kupita chini ya makwapa, na watu juu wakiishika. Na mbele yake hutangulia kibatari, ile taa ndogo ya mafuta ya taa, kinaning'inia kwenye uzi kwenye ncha ya fimbo ndefu. Mchana kweupe tulikuwa tunatembea na taa inayowaka, ndiyo maana watoto walitufuata wakituzomea. Kibatari kile hakikuwa cha kuonea. Kilikuwa cha kuuliza swali. Ukikishusha kikaendelea kuwaka, hewa ipo. Kikizimika chenyewe, geuka.

Basi, mvua za msimu ule zilikuwa kubwa, na shamba moja la viazi kando ya njia ya Mudende likatumbukia. Chini yake kulikuwa na pango la lava ambalo hakuna aliyelijua, mdomo wake wa zamani uliziba kabla ya babu zetu, na sasa paa lake lilikuwa limefunguka. Mwenye shamba alichungulia, akaona mifupa, akakimbia mpaka mjini. Tulipopata ruhusa ya kupita, tulikwenda asubuhi, baada ya askari kuikagua barabara.

Nilisimama ukingoni nikasahau baridi. Shimo lilikuwa na kina cha ukuta wa nyumba, upande mmoja umebomoka kiasi cha mtu kushuka. Sakafu yake ilikuwa jivu la volkano lililokauka na kuwa gumu, na ndani ya jivu hilo mifupa ilikuwa imelala kama ilivyolala siku ya kwanza, imefunikwa na ganda jeupe. Pale katikati alikuwepo pongo, pembe zake zimesokotwa vizuri, shingo imegeukia nyuma. Juu ya mbavu za pongo alikuwa amelala fisi, taya lake kubwa limeachama. Juu ya fisi kulikuwa na mifupa midogo myepesi ya ndege mkubwa, bawa moja limekunjuka. Hakuna mfupa uliotafunwa. Hakuna uliotawanywa. Nilimwona Mama Konsolata akiweka mkono kifuani. Maisha yake yote alikuwa akitafuta kitu kama kile.

Tuliwaita majirani, kama desturi yetu. Walikuja kimya, wakapanga mstari ukingoni. Tukawaonyesha pembe, kwato, taya la fisi. Walipumua. Mmoja alisema, "Ni wanyama, Mungu asifiwe," na watu wakaanza kuondoka.

Hakuondoka bibi mmoja tu, Mukecuru Sitefania, yaani Bibi Sitefania, wa kilima cha pili. Mwanawe alitoka nyumbani jioni moja wakati wa vita akasema anarudi sasa hivi. Tangu siku hiyo, popote palipochimbwa, bibi huyo alifika. Alikuwa amepiga magoti ukingoni, amenyoosha kidole kwenye kona ya mbali ya shimo, ambako mwamba ulikuwa umening'inia na kutengeneza giza.

"Na kile?" aliuliza. "Kile cha mviringo?"

Tukaangalia. Kweli, chini ya mwamba ule, katika kivuli, kulikuwa na fuvu dogo la mviringo. Ungeweza kusema ni la mtoto mkubwa. Ungeweza kusema ni la kitu kingine. Kwa mbali haikuwezekana kujua, na hakuna mtu aliyethubutu kukisia mbele ya mama yule.

Mama Konsolata akasema lazima mtu aende kuangalia, kwa sababu hatuwezi kumwambia mzazi arudi nyumbani na swali. Eriya akavua koti. "Mimi nina macho ya kupimia mbao," alisema. "Nitawaambia hata umri wake."

Tukamfunga kamba. Mimi ndiye niliyekaza fundo la mwisho.

"Shemeji, mdogo wako asijue," alininong'oneza. "Atasema nimefungwa kama mbuzi wa Noeli."

"Mbuzi angalau hunyamaza," nikamjibu.

"Acheni masihara," Mama Konsolata akasema. "We, inua mikono. Kila hatua, shusha moto. Kila hatua, umesikia?"

"Nimesikia, nyabo," akajibu, akimwita bibi kama walivyozoea Uganda.

Kutoka juu, Mama Konsolata alishusha kwanza kibatari mpaka kwenye sakafu, karibu na pongo. Kiliwaka vizuri, mwali haukutikisika. Eriya akashuka, akapokea fimbo. Alifanya kama alivyofundishwa: akashusha moto, akapiga hatua, akashusha moto, akapiga hatua, akiwazunguka wanyama wale bila kukanyaga hata ubavu mmoja. Sote tulikuwa tunaangalia miguu yake isivunje kitu. Ilipita vizuri, na kadiri ilivyopita vizuri ndivyo mabega yetu yalivyolegea.

Akafika kwenye kona. Pale sakafu iliteremka kidogo, si sana, kama sahani inavyozama katikati. Na palikuwa na giza. Sasa fikiri, mwanangu: uko gizani, unataka kuona fuvu, na mkononi una taa. Utafanya nini? Alifanya hivyo hivyo. Alikifungua kibatari kutoka kwenye uzi, akakiinua usawa wa kifua chake kimwangazie. Kikawaka sana. Akapiga magoti, akainamia fuvu, mkono wenye taa ukibaki juu.

"Si mtu!" alipaza sauti, na sauti ikagonga mwamba. "Mukecuru, tulia, si mtu! Ni nyani mzee, ana meno marefu kama ya..." Akacheka. Mkono wenye taa ukashuka, mwali ukatoweka mara moja, bila moshi, kama umezamishwa ndani ya maji. Kisha yeye mwenyewe akaenda mbele, uso chini, na hakusogea.

Sikumbuki kupiga kelele, ingawa wenzangu wanasema nilipiga. Nakumbuka kwamba miguu yangu ilikuwa tayari imeanza kushuka. Nilimwona Domina mlangoni na tumbo lake. Nilifikiri, ni hatua chache tu, nitamshika mabega, nitamgeuza. Ndipo kitu kikanivuta kwa nyuma, kitenge kikanikaba kiunoni. Mama Konsolata alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili, ameketi chini kabisa ili uzito wake unizuie.

"Unaenda wapi?"

"Nikamtoe!"

"Utamutoa na pumuzi gani?"

Nilijitahidi kumtupa. Alikuwa mwembamba lakini hakuachia. Wa kwanza kuivuta kamba hakuwa mimi wala wanaume wa chama, ambao walikuwa wameganda wakiishikilia tu. Alikuwa Mukecuru Sitefania. Aliizungusha kwenye mkono wake, akaegemea nyuma, akalia kwa Kinyarwanda, "Mwana wa mwenzangu! Mwana wa mwenzangu!" Wanaume wakazinduka wakavuta. Eriya akaburuzika kidogo, halafu kamba ikakwama.

Kuna jambo hapa ambalo lazima ulielewe. Njia aliyopita Eriya ilikuwa ya kuzunguka. Lakini kamba haizunguki. Kamba ikivutwa hutaka kwenda moja kwa moja, na moja kwa moja ilimaanisha kupita juu ya ndege, juu ya fisi, juu ya pongo. Mwili wa Eriya ulikuwa umegota kwenye taya la fisi. Wanaume walisita. Mmoja wao, mtu wa Goma aliyependa visukuku kuliko chakula, akasema, "Mama, tutaharibu..."

"Vuta!" Mama Konsolata alikata maneno yake. Sijawahi kusikia sauti ile tena. "Mufupa ivunjike! Yote ivunjike! Vuta mutu!"

Wakavuta. Nilisikia taya likivunjika, mlio mkavu, kama kigae. Nikasikia mbavu. Eriya akaja juu ya mifupa hiyo yote, akiacha nyuma mfereji wa vipande vyeupe, akapandishwa ukingoni akiwa mzito na mlegevu. Uso wake ulikuwa rangi ya jivu. Midomo ilikuwa buluu. Mama Konsolata aliniachia kitenge, akaamuru abebwe mbali na shimo, mahali palipoinuka, penye hewa inayotembea. Akamlaza chali, akamnyanyua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni. Akasubiri. Akapuliza tena. Mukecuru alikuwa amemshika mguu.

Mwanangu, kimya kile sitaki ukijue. Majirani wamesimama, ukungu umesimama, na mimi nikitafuta maneno ya kumwambia mdogo wangu, nayakosa.

Kisha kifua kikapanda chenyewe. Akavuta hewa kwa mlio kama wa mlango wenye kutu, akakohoa, akatapika, akalia kama mtoto. Nilikaa chini kwenye udongo wa viazi nikamshika kichwa.

Ndipo Mama Konsolata aliponigeukia. Hakunipapasa wala kunifariji. Alinishika kidevu akakielekeza shimoni.

"Angalia," alisema. "We mwalimu, soma. Pongo ilikuja, ikakufa. Fisi ikaona nyama, ikafuata, ikakufa juu yake. Ndege ikaona fisi, ikashuka, ikakufa juu ya fisi. Na kila mumoja alisema: ni hatua kidogo tu. Sasa niambie, juu ya Eriya nani angelala?"

Nikautazama mfereji ule wa vipande vyeupe.

"We," alisema. "Na juu yako, pengine mukecuru huyu. Tumesimama hapa asubuhi mzima tunasema mufupa ni muzuri, hakuna hata moja iliyotafunwa. Nani kati yetu aliuliza kwa nini haikutafunwa?" Kisha sauti ikamshuka. "Hata mi nimekosa. Nilikuwa naangalia mufupa. Sikuangalia mikono yake."

Tulipata gari la viazi lililokuwa linashuka mjini. Tulimlaza Eriya juu ya magunia. Kabla hatujaondoka Mukecuru Sitefania alinijia, akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, "Kwa hiyo hayumo."

"Hayumo, mama. Ni nyani."

Alifikiri. Nilidhani angefurahi. "Basi nitaangalia kwingine," akasema, akachukua fimbo yake akarudi kilimani. Viganja vyake vilikuwa vimechunwa na kamba, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwosha.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari walitusimamisha. Miaka ile, kulala juu ya magunia ukiwa umetapakaa vumbi jeupe kulitaka maelezo marefu. Askari mmoja, kijana tu, alimwelekezea Eriya mtutu akauliza amefanyiwa nini. Mama Konsolata akasema neno moja: "Mazuku." Yule kijana alirudi nyuma hatua, akainua mti wa kizuizi bila kuuliza lingine.

Eriya alipona. Kichwa kilimuuma kwa muda mrefu na mbavu mbili zilikuwa zimepasuka kwa kamba. Domina alimnunia mpaka alipojifungua, akajifungua salama, mtoto wa kike. Mimi nilinuniwa zaidi, na nilistahimili.

Chama kilikutana. Wengine walisema tuyatoe mabaki yale upesi, kwa vifaa vya kupumulia tutakavyokopa popote, kabla wauza vitu vya kale hawajafika. Wengine walisema tulifukie shimo tuondoke. Mama Konsolata aliwasikiliza wote. Akasema mifupa ile imengoja tangu kabla ya babu zetu na inaweza kungoja zaidi, lakini mtoto wa jirani anayefuata mbuzi hatangoja. Tukajenga ukuta wa mawe kulizunguka shimo. Eriya akatengeneza fremu ya mbao nzito za mikaratusi na waya juu yake, hewa ipite lakini mtu asipite. Tuliwaendea majirani nyumba kwa nyumba tukawaeleza kwa nini.

Kuchora tulichora kutoka juu. Nilikuja na kioo cha kujitazamia cha Domina, na kingine cha kinyozi wa Nengo, tukashika jua tukalipeleka mpaka chini ya mwamba ule, na fuvu la nyani likaonekana wazi, jino kwa jino, sisi tukiwa tumesimama kwenye nyasi. Siku hiyo Eriya alikaa pembeni akitazama duara lile la mwanga likitembea gizani. Hakutania. Alisema tu, "Shemeji, tungeweza kuona tangu mwanzo."

Nawe sasa unaniuliza, kama wenzako wanavyouliza, mifupa ya kale ina faida gani kwa watu wenye njaa na hofu. Nitakujibu kwa utaratibu, kwa sababu swali lako ni zuri.

Fikiri kama mwenye shamba angekuwa mtu wa kuuza. Angetoa fuvu la fisi likae kwenye kabati la mgeni. Angetoa pembe za pongo. Ndege angesagwa miguuni. Tungefika tukakuta mifupa iliyochanganyika, nasi tungesema, ah, wanyama walianguka shimoni. Basi. Tusingejua kamwe kwamba kila mmoja alikuja juu ya mwenzake. Kitu kilichotuambia jinsi shimo lile linavyoua si mfupa wenyewe, ni mahali mfupa ulipolala na jirani yake aliyelala naye. Ukikitoa kisukuku mahali pake bila kuchora, bila kuuliza, unabaki na jiwe zuri lisilosema kitu. Ndiyo maana tunasema urithi huu ulindwe pale ulipo. Ni habari ambayo ardhi iliiweka kwa ajili ya watakaokuja, na habari nyingine ni onyo.

Tena usifurahie kilichohifadhiwa vizuri kabla hujauliza ni nini kilichokihifadhi. Mnyama ambaye fisi hakumgusa, jani ambalo mdudu hakulila, samaki aliyelala mzima, kila kimoja kimezuiliwa na kitu kisioze wala kisiliwe. Mara nyingi kitu hicho kimekwisha zamani. Hapa kwetu, pengine bado kinapumua.

Usidanganyike na kipimo cha mahali pengine. Moto uliwaka karibu na pongo, maana paa lilipofunguka hewa ile ilibaki kwenye kona tu, naye akapiga magoti kwenye kona. Alipima kwa mkono na kuvuta hewa kwa pua, na pua na mkono havikuwa mahali pamoja. Katika mambo mengi ya maisha yako utapima hapa halafu utainama pale, kwa sababu unachokitamani kiko pale na kinang'aa. Hofu itakugonga bega wakati huo. Usiione aibu. Mimi nimeishi na yangu hadi uzee huu, nayo haijanizuia kwenda mlimani hata mara moja. Imenizuia kushuka tu.

Na mpendwa wako akianguka, moyo utakuambia kwamba kumpenda ni kumfuata. Mama Konsolata, aliyempenda Eriya pia, aliketi chini akashika kitenge changu, kisha akaacha kazi ya maisha yake ivunjwe mbele ya macho yake ili mtu mmoja apumue. Tafuta watu wa namna hiyo uende nao. Kama hawapo, baki nyumbani.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe macho ya kuona kilicho mbali nyuma yetu, na miguu inayojua kusimama. Waliokutangulia ardhini wakupokee kwa upole kama mgeni wa muda, na unaowaacha nyumbani jioni wakuone unaingia mlangoni.

Ukikuta shimo lenye mifupa, usishuke. Simama upande unakotoka upepo, liwekee mawe pande zote, kisha nenda nyumba iliyo karibu ukawaite watu.